Mwaka Karabai Ilipobaki Daraja la Pili

Emanueli aliniletea karatasi mbili zilizochapwa kwa kompyuta, akaniinamia pale nilipoketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai. "Shikamoo bibi Mwalimu," akasema. "Tunaomba upitie wasifu wa baba kabla hatujausoma. Wewe ndiye uliyekuwa katibu wa timu yao." Nikaitikia marahaba, nikavaa miwani. Ilikuwa asubuhi, maziko yalipangwa saa nane mchana, na kina mama walikuwa bado wanachambua mchele upande wa pili wa ua. Nikasoma: Marehemu Mabula Masanja, maarufu kwa jina la Mbalamwezi, mvuvi, mume, baba wa watoto saba, nahodha wa timu ya Karabai, mfungaji wa goli la dakika ya mwisho lililoibakiza Karabai daraja la pili. Nikarudia sentensi hiyo ya mwisho kama ninavyorudia jibu la mtoto aliyenakili kwa jirani. "Goli hili nani kawaambia?" nikamuuliza. Emanueli akashangaa. "Si kila mtu hapa Nyamhela anajua, bibi?" Nikamwambia hakukuwa na goli. Mechi ile iliisha bila bila. Uso wake ulinywea, nikajuta kidogo, maana mtu amefiwa na baba yake usiku wa juzi tu. Nikamuuliza kama anajua jina la Mbalamwezi lilitoka wapi. "Kwa sababu alikuwa anang'aa uwanjani," akasema kwa fahari. Nikazikunja zile karatasi, nikamwambia aniachie mpaka saa sita. Alipoondoka nilibaki nimezishika mapajani, kwa sababu nilijua vizuri lile jina lilitoka wapi. Lilitokana na kosa langu.

Habari za wazazi wangu na za utoto wangu kule Kagera kwenye ndizi naziacha, hazina kazi hapa. Naanzia siku niliyoshuka Nyamhela nikiwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha, nimekuja kufundisha chekechea ya parokia. Nilipangishwa chumba na Mama Perpetua, mwanamke mnene, mwenye sauti, mwenye mitumbwi miwili ya dagaa na wanaume wanane waliokuwa wakiipanda. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama mchangani pale wanawake walipoanika dagaa, na harufu yao iliingia kwenye shuka, kwenye nywele, mpaka kwenye chaki za shule. Kwenye boriti za paa zilining'inia karabai sita, zile taa za mafuta za kupampu ambazo wavuvi huelea nazo juu ya maji ili dagaa wazifuate. Kila alasiri vijana waliingia chumbani kwangu wakibisha hodi kwa adabu, wakazishusha, wakafuta vioo vyake kwa gazeti, wakapampu kuzijaribu. Mwanzoni nilikasirika kugeuzwa mlinzi wa ghala. Baadaye sauti ile ya kupampu ikawa ndiyo saa yangu, nikiisikia najua muda wa kupika umefika. Tulikula pamoja uani, ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa na nyanya, na Jumapili samaki sato mzima. Mama Perpetua alinitania kwamba natafuna ugali kama mtu anayesubiri ndizi zije nyuma yake. "Hazitakuja," aliniambia. "Huku ni muhogo, mwanangu. Zoea."

Ukatibu niliupata kwa kusikiliza ukutani. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, na mtu akinong'ona sebuleni ulimsikia chumbani. Alasiri moja nilisikia wanaume wanajadili timu. Karabai ilikuwa imepanda daraja la pili mwaka uliotangulia, wote walishangaa, na katibu wao wa zamani alikuwa amehamia mjini. Sauti moja ikasema, "Si kuna yule binti wa chekechea? Ana mwandiko mzuri." Nyingine ikasema, "Mpira ataujulia wapi?" Ndipo Mama Perpetua akakata shauri. "Ninyi mnaoujua mpira, nani kati yenu anaweza kuandika barua ikasomeka?" Kesho yake Mabula, nahodha, alikuja kunieleza rasmi. Alikuwa kijana mrefu mwenye mabega ya kuvuta nyavu na sauti ya chini, mmoja wa wale wanane wa Mama Perpetua. "Dada Leokadia," akasema, "timu imekuteua katibu." Nikajifanya naomba muda wa kufikiri. Nilikubali kabla chai yake haijapoa.

Nilikuwa sijui mpira, lakini nilijua kutazama daftari, na kwenye daftari la timu niliona jambo ambalo wanaume wote wale walilijua mwilini na hakuna aliyekuwa amelitumia. Dagaa huvuliwa wakati wa giza. Anga likiwa na mbalamwezi kubwa taa haina kazi, dagaa hawaifuati, na kwa siku kama kumi hivi mitumbwi yote hupumzika mchangani. Siku hizo vijana walilala, walikula, walifanya mazoezi asubuhi na jioni. Giza likirudi walitoka ziwani alfajiri wakiwa wamekesha, wakapakua, wakalala kwa saa mbili tu, wakaja uwanjani na macho mekundu. Nilifungua matokeo ya msimu uliopita nikaona: mechi za mbalamwezi, ushindi na sare. Mechi za giza, mvua ya magoli dhidi yetu, karibu yote kipindi cha pili. Katika mechi yangu ya kwanza kama katibu, ya kirafiki kabla ya msimu, winga wetu wa kushoto alisinzia wakati wa mapumziko akiwa na kipande cha michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, mdomoni. Tulimwamsha, akaingia uwanjani na kucheza dakika kumi nzima akiwa bado anatafuna. Tulifungwa tano.

Nikaenda kwa Padre Huberti. Alikuwa Mjerumani aliyekaa huku miaka mingi, Kiswahili chake safi kuliko cha wengi wetu, na alikuwa na ugonjwa wa mpira. Timu ya mji wake nayo ilikuwa daraja la pili kule kwao, na alipata matokeo yake kwa redio ndogo iliyokohoa na kwa barua za kaka yake. Jezi zetu za njano alitupatia yeye, zimetumwa na huyo kaka, zimevaliwa na timu ile msimu fulani wa nyuma, na kifuani zina maneno ya Kijerumani ambayo padre alisema ni tangazo la kiwanda cha mikate. Kila Jumapili baada ya misa alisimama mlangoni kusalimia waumini, na wachezaji wakifika aliwashika mkono na kuwapa taarifa. "Jana tumefungwa mbili," alisema kwa huzuni ya kweli. "Na ninyi?" Mabula akajibu, "Na sisi tatu, Padre." Wakatikisa vichwa pamoja. Nilimwambia Padre ninachotaka ni kujua mbalamwezi itaangukia lini miezi ijayo, si ya wiki hii ambayo kila mtu anaiona. Akanipeleka ofisini, akanionyesha kalenda iliyotoka kwao, ya picha za milima, na pembeni mwa tarehe viduara vidogo, vyeusi na vyeupe. Cheupe mbalamwezi imejaa, cheusi giza. Nikazinakili tarehe zote mpaka mwisho wa msimu.

Makatibu wa timu walipokutana mjini kupanga ratiba, nilikuwa mwanamke peke yangu mezani, na karatasi yangu nimeikunja ndani ya kitambaa. Wengine waligombania mechi za nyumbani, Jumapili, uwanja wenye nyasi. Mimi niliwaachia yote hayo. Mkitaka nicheze kwenu, nakuja. Mkitaka Jumatano, nakuja. Ila tarehe nichague mimi. Katibu wa timu moja ya kiwanda kule Nyakato alicheka mpaka akavua kofia. "Huyu binti ana mganga wake," akasema. "Kapewa masharti ya tarehe." Wote wakaangua kicheko na kunikubalia, kila mmoja akiona amempunja mtoto. Sikuwakatalia. Nilirudi Nyamhela nimebeba ratiba iliyokaa sawasawa na mbalamwezi, isipokuwa mechi tatu tu. Mabula aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akahesabu moyoni, kisha akanitazama. "Katibu," akasema, "wewe ni mtu hatari." Hakuna sifa niliyopewa baadaye maishani, hata ile hotuba ya kustaafu, iliyonikaa kama ile.

Nitasema wazi, nilivimba kichwa. Tulishinda mechi nne mfululizo. Watu niliowasalimia shikamoo walianza kuniita Katibu badala ya mwanangu, na watoto wa chekechea walicheza mchezo wa kupanga ratiba. Jioni uani Mama Perpetua alinisogezea kichwa cha sato, ambacho kwake ni heshima ya mwanamume, na mimi nikakila bila kupepesa. Nilisikia ukutani wazee wakisema, "Huyu mtu wa ndizi anaujua mwezi kuliko sisi," na badala ya kuona aibu nikaona ni kweli. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu. Nilisahau kwamba wao walilala chini ya anga hilo maisha yao yote, na mimi nilikuwa na karatasi tu.

Msimu ulipokaribia mwisho tulianza kuteleza. Wachezaji wawili waliumia, mechi zile tatu za giza tulifungwa zote, na ilipobaki mechi moja hesabu ilikuwa rahisi hata kwa watoto wangu wa chekechea. Tukipata sare tunabaki. Tukifungwa tunashuka, na waliotutangulia kushuka tuliwaona walivyosambaa, jezi zikageuzwa nguo za shamba. Mechi ilikuwa dhidi ya timu ya Sengerema, hapa kwetu, tarehe ya mbalamwezi kamili, niliipanga mwenyewe. Siku ilipofika tulivaa, tukachora mistari ya majivu uwanjani, tukasubiri. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri upande wa pili wa ghuba. Lori la wageni lilikwama kwenye tope, na lilipotoka kivuko kilikwisha ondoka. Mechi ikaahirishwa. Ofisi ya ligi ikatuma ujumbe kwamba nipendekeze tarehe nyingine kabla ya saa tisa siku hiyohiyo, isiwe ndani ya mwezi mmoja kwa sababu Sengerema walikuwa na michezo mingine.

Nilikimbia parokiani, maana karatasi yangu iliishia mwisho wa msimu. Padre alikuwa safarini na ofisi imefungwa. Yakobo, mpishi wake, aliniingiza kwenye chumba cha kulia. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba nilimoishi baadaye: meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki cha maua, mkate mweusi aliofundishwa kuuoka, kabati la vyombo, na ukutani, ndani ya fremu, kalenda ya milima kama ile ya ofisini, na viduara vyake vyeusi na vyeupe. Yakobo akanikatia kipande cha mkate. Nilikula nimesimama, nikafuata tarehe kwa kidole, nikaona kiduara cheupe kwenye tarehe ya wiki tano na nusu mbele. Nikaandika barua palepale kwenye meza ya padre, nikapiga muhuri wa timu niliotembea nao kama mwingine anavyotembea na rozari, na barua ikafika mjini kwa basi kabla ya saa tisa. Sikumwuliza Mabula. Angehesabu kwa vidole tu angejua. Lakini Katibu aulize nini, na yeye ana kalenda?

Ninyi mnaosoma mmekwisha kuona, nadhani. Kwetu kalenda haitupwi mwaka ukiisha. Ikiwa na picha nzuri inabaki ukutani, miaka mitatu, minne, inaziba ufa, inapendeza macho. Yakobo aliipenda picha ya mlima wenye theluji. Kalenda ya mwaka uliopita ilipotaka kutolewa alimwomba padre, akaikata kichwa chenye mwaka ili itoshee kwenye fremu, akaitundika pale alipokuwa akiiona wakati wa kupanga sahani. Mwezi wa mwaka jana hauko pale ulipokuwa. Husogea siku kama kumi na moja. Kiduara changu cheupe kilikuwa giza tupu.

Mabula ndiye aliyegundua. Barua ya uthibitisho ilipokuja zilikuwa zimebaki wiki mbili. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi anashona wavu, nikamsomea kwa sauti, akasimamisha sindano. Midomo yake ikachezacheza akihesabu. "Dada Leo," akasema, na hakuniita Katibu, "Jumamosi hiyo ni katikati ya giza." Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Akatabasamu kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha. Nikakimbia ofisini kwa padre, ambaye sasa alikuwa amerudi, nikatazama kalenda ya mwaka ule, kisha nikaenda chumba cha kulia, kisha nikakaa chini sakafuni. Yakobo alidhani nimeugua malaria. Nilipanda basi kwenda mjini kesho yake. Karani wa ligi alinionyesha saini mbili, yangu na ya Sengerema, na muhuri wangu umekaa wima, haujapinda hata kidogo. "Mlipendekeza wenyewe," akasema. Nikarudi.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nilimwambia Mabula kila kitu, kalenda, mkate, muhuri. Nilimwambia nitasimama mbele ya watu niseme, kisha nitafunga mizigo yangu nirudi kwetu. Alinisikiliza huku anakung'uta mchanga kwenye nyavu. "Utasema jioni kwenye mkutano," akajibu. "Sasa nenda kafundishe watoto." Jioni watu wote wa mwalo, pale mitumbwi ilipotia nanga, walikusanyika mbele ya nyumba ya Mama Perpetua, wenye mitumbwi, wavuvi, wanawake wa mchangani na mabeseni yao wameyafunika. Nilikuwa nimejifunga khanga kiunoni ili miguu isitetemeke. Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo Mabula akasimama mbele yangu. "Jamani," akasema, "tarehe ya Sengerema nimeikubali mimi. Katibu aliniuliza, nikamwambia sawa. Nilikosea kuhesabu. Ni kosa langu."

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wengine, na mwisho uwanja mzima. Mvuvi amekosea mwezi! Palepale sauti ya mwanamke ikapaa, "Karibu, Mbalamwezi!" na jina likawa limezaliwa. Mimi nilibaki nimesimama na mdomo wazi kama samaki. Nilipaswa kusema. Nimejiambia miaka mingi kwamba nafasi ilinipita, kwamba kelele zilikuwa nyingi, kwamba ningemwaibisha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliketi. Mabula akaketi karibu yangu, hakunitazama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe ukiondoka, nani atatuandikia?"

Kicheko kilipoisha hesabu ilibaki palepale. Wachezaji kumi na mmoja, tisa kati yao kwenye mitumbwi, katikati ya giza ambalo ndilo lililolisha kijiji. Hakuna aliyethubutu kusema mitumbwi ilale. Ndipo akasimama Mzee Masanja, baba yake Mabula, ambaye mgongo ulimtoa ziwani miaka sita nyuma. "Siku tatu," akasema. "Vijana walale siku tatu kabla ya mpila. Sisi tutaingia badala yao." Mama Perpetua akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Kwa mgongo huo, Masanja?" Akajibu, "Mgongo wangu, mtumbwi wako. Tutaona kipi kitapasuka kwanza." Watu wakacheka tena, lakini cheko la namna nyingine. Mzee mwingine akainua mkono, kisha mwingine. Walikuwa tisa kabla jua halijazama. Mama Perpetua akajifunga khanga yake upya. "Haya," akasema. "Ila atakayetapika kwenye mtumbwi wangu ataosha mwenyewe."

Jumatano alasiri waliingia chumbani kwangu wao badala ya vijana, wamevaa makoti ya zamani, wakabisha hodi, wakashusha karabai. Mzee Masanja alifuta kioo polepole, akakipulizia, akafuta tena. Alipampu taa ikawaka mara moja, akatabasamu kwa meno matatu. Mikono yake haikuwa imesahau chochote. Walisukuma mitumbwi huku wake zao wakiwazomea kwa mapenzi, na vijana wao, wamekatazwa kushika hata kamba, wamejipanga mchangani na mikono mifukoni, wanaona haya. Siku tatu hizo nilipika na Mama Perpetua chakula cha kambi nzima, uji wa ulezi, ugali, sato, matobolwa ya viazi vitamu na karanga. Vijana walilala na kukoroma mchana mpaka mbuzi wakaja kuchungulia dirishani. Alfajiri wazee walirudi wakiwa wamepinda, wameloa, na dagaa si haba. Sikuweza kumtazama Mzee Masanja usoni. Nilimpelekea chai, akaniuliza, "Wanalala?" Nikamwambia wanalala, baba. "Vizuri," akasema, akamaliza chai kwa mara moja.

Kuhusu mechi yenyewe sina mengi, na hapo ndipo vijana wa leo wanapochoka kunisikiliza. Sengerema walikuwa bora kuliko sisi. Waligonga mwamba mara mbili. Golikipa wetu alidaka mpira mmoja kwa uso, akatoka damu puani, akagoma kutoka. Kipindi cha kwanza kikaisha, kikaja cha pili, kile ambacho katika giza kilikuwa kikituua siku zote, na miguu ya vijana wetu haikuisha. Nilikuwa nimesimama pembeni na saa ya padre mkononi. Dakika ya mwisho mpira ulimpita golikipa, unaviringika taratibu kuelekea golini, na kutoka katikati kabisa, umbali ambao mtu aliyekesha asingeumaliza, akaja Mabula anakimbia. Aliuondoa kwa paja kwenye mstari wenyewe. Filimbi ikalia. Bila bila. Karabai imebaki.

Watu waliingia uwanjani wote isipokuwa wazee tisa. Walikuwa wamelazwa na usingizi pembeni, juu ya marundo ya nyavu, tangu dakika ya ishirini, mmoja na kofia usoni, mwingine ameegemea mwenzake. Nilimwamsha Mzee Masanja kwa kumgusa bega. "Baba, tumebaki." Akafumbua jicho moja. "Nani kafunga?" Nikamwambia hakuna aliyefunga. "Sasa kelele zote hizi za nini?" akauliza, akafumba tena. Nilicheka huku nalia mpaka Padre akanipa leso yake. Wiki ile ndipo barua ya kaka yake ilipofika: timu ya mji wake imeshuka. Alitutangazia mlangoni mwa kanisa, mikono kwenye kifua cha jezi ya Mabula, juu ya yale maneno ya mikate. "Kule jezi hizi zimeshuka," akasema. "Huku zimebaki. Mnisamehe, leo nashabikia huku."

Yote hayo niliyapitia kichwani chini ya turubai, na karatasi za Emanueli mapajani. Nilifundisha miaka thelathini na nane, nikajenga nyumba Buswelu, kule mjini, na kila nilipokuja Nyamhela nilisikia watu wakimwita Mbalamwezi sokoni, kanisani, kwenye arusi za watoto wake, na kila mara kitu kilinichoma. Sikuwahi kumwomba nafasi ya kusema, naye hakuwahi kunikumbusha. Saa tano na nusu nikachukua kalamu. Nikakata sentensi ya goli. Nikaandika: Mechi ile iliisha bila bila. Tarehe yake aliikosea katibu wa timu, Leokadia, na marehemu akalibeba kosa hilo maisha yake yote. Kabla ya kumpa Emanueli nikampelekea kwanza Mama Perpetua. Ana miaka tisini na kitu sasa, macho hayaoni, amekaa kwenye mkeka kati ya wafiwa. Nikamsomea sikioni mpaka kwenye jina langu.

Aliutafuta mkono wangu mpaka akaupata. "Mwanangu," akasema, na hakushusha sauti, ile sauti yake haijawahi kushuka, "Mabula aliingia ziwani akiwa na miaka kumi na nne. Mvuvi gani anakosea mwezi? Mwenye kukosea mwezi ni mwenye karatasi." Kina mama waliokuwa karibu wakacheka kidogo katikati ya msiba, pamoja na wazee wenzake wawili watatu waliobaki. Nikamwuliza kama Mzee Masanja alijua. "Masanja ndiye aliyetunong'oneza tunyamaze, palepale mkutanoni. Alisema binti anatetemeka, msimfukuze, aliyekosea kwa kutuandikia hatumfukuzi. Ndipo akasema ataingia ziwani." Nikauliza, sasa lile jina, kumcheka miaka yote ile? Akanipiga kofi dogo mkononi. "Nani alimcheka? Siku ya kwanza tulicheka, ndiyo. Baadaye lilikuwa heshima. Tulimwita hivyo kwa sababu tulijua alichokifanya. Wewe tu ndiye uliyedhani ni siri."

Saa nane Emanueli alisimama kando ya jeneza na maikrofoni. Alisoma tarehe ya kuzaliwa, ndoa, watoto saba. Alipofika kwenye mwandiko wangu akasita, akanitafuta kwa macho kwenye umati, nikamwashiria aendelee. Akasoma yote, na jina langu, kwa sauti iliyosikika mpaka mchangani. Vijana wakageukiana, hakuna goli? Lakini kwenye mikeka, pale walipoketi wazee wa Nyamhela, mtu alianza kupiga makofi polepole, akafuatwa na mwingine, na Mama Perpetua akainua kichwa chake kipofu akaita mara moja, kama alivyokuwa akiita mitumbwi, "Mbalamwezi!" Wazee wakaliitikia jina, na safari hii nikaitikia pamoja nao.